Ukihesabu kwa Mama

Kila mwaka ifikapo Agosti, mji wa Malindi hupitiwa na msafara wa wanawake waliovaa hando. Ni vazi la kiunoni la wanawake wa Kigiriama (Wagiriama ni mojawapo ya jamii za Mijikenda za pwani ya Kenya), kitambaa kilichokunjwa marinda kwa marinda, tabaka juu ya tabaka, hata kiuno cha ajuza kikajaa na kuyumba kama cha mwali. Wazee wa kaya, yale makao matakatifu ya msituni, wamo na bakora zao, ngoma zimo, na vijana wenye simu wamo wakirekodi. Msafara huzunguka mjini na kufika kwenye bustani yenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, kisha wenye nguvu na nauli huendelea hadi Bungale, ndani ya Magarini, alikozikwa shujaa huyo. Waandaaji ni chama cha utamaduni cha MADCA (Malindi District Cultural Association), ambacho wakili Joseph Karisa Mwarandu alikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wasemaji wake. Jina la chama bado limebeba Wilaya ya Malindi, ingawa wilaya yenyewe ilimezwa na Kaunti ya Kilifi ugatuzi ulipoanza mwaka 2013.

Habari inayoandikwa kila mwaka ni ile ile: Mekatilili akumbukwa. Makala haya ni ya wale wanaomkumbuka. Wengi wametoka Ganze, Magarini, Kaloleni na vitongoji vya Malindi, wakiwa katika vikundi vya akina mama ambavyo mwaka mzima kazi yake ni kuweka akiba, kuzikana, na pengine kucheza ngoma hotelini Watamu kwa malipo kidogo. Agosti ndipo vikundi hivyo hugeuka kuwa jambo jingine: jumuiya ya wanawake wanaodai urithi kutoka kwa mwanamke. Pwani yetu ina vyama vingi vya ukoo, na karibu vyote hukaa chini ya jina la baba. Hiki cha akina mama hukaa chini ya jina la mama, nami naamini kwamba kikijijua vyema kinaweza kutufunulia mambo juu ya pwani hii ambayo vyama vya akina baba haviwezi.

Kisa cha Mekatilili kinafundishwa shuleni, lakini hufundishwa kwa haraka. Watoto hukumbuka kuku: kwamba alimletea Mzungu kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kimoja, na mama kuku alipomdonoa akamweleza kuwa hivyo ndivyo itakavyokuwa akijaribu kuchukua vijana wa Kigiriama. Mzungu mwenyewe ni Arthur Champion, ofisa aliyeletwa kwa Wagiriama mwaka 1912 kukusanya kodi ya nyumba na kutafuta vibarua wa mashamba ya walowezi. Katikati ya mwaka 1913 Mekatilili, mjane asiye na cheo, alianza kupita kijiji kwa kijiji akicheza kifudu na kuwaita watu warudi Kaya Fungo wakale kiapo. Huko kaya viapo viwili viliwekwa, fisi cha wanaume na mukushekushe cha wanawake.

Hapa pa kifudu ndipo wengi hupita bila kusimama. Vitabu vya shule husema ni ngoma ya matanga, na kweli ilichezwa matangani. Lakini kifudu ni chama pia, chama cha siri cha wanawake wa Kigiriama, chenye vyungu vyake vitakatifu, mafunzo yake na miiko yake, kilichoshughulika na uzazi na uponyaji. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy aliandika juu yake kwa kirefu mwaka 1990 kama ibada ya wanawake ya uzazi. Basi mwanamke aliyeingia kijijini na kifudu hakuingia mgeni. Aliwakuta wenzake wenye kuijua ngoma ile, wanaojua kwa nini haifanyiwi mchezo, na waliozoea kukutana pasipo mume wala mzee wa kambi, baraza la wazee wa kaya. Champion aliona bibi mmoja mwenye maneno makali. Mtandao uliokuwa nyuma yake haukuwa na ofisi, wala bendera, wala orodha ya wanachama, ndiyo maana serikali haikujua pa kuupiga.

Ilimpiga yeye. Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili na mwenzake Wanje wa Mwadorikola walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 14, 1914 wakatoroka na kurudi pwani, safari ya mamia ya kilomita. Agosti 4 mwaka huo serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa, Wagiriama wapatao 150 wakauawa, na walionusurika wakatozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa kutoa vibarua 1,000 na kuhama ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili na Wanje wakakamatwa tena na kupelekwa uhamishoni mara ya pili.

Kisa cha shule huishia hapo, nami hushangaa kwa nini. Sehemu inayofuata ndiyo ingepaswa kuandikwa chini ya ile sanamu. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje walirudishwa, na mwanahistoria Cynthia Brantley, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya upinzani wa Wagiriama, anaeleza kwamba waliishi kaya: Wanje akaongoza baraza la wanaume, Mekatilili akaongoza baraza la wanawake. Yaani baada ya uhamisho mara mbili, baada ya baruti na faini, mwanamke huyu alirudi kuongoza wanawake wenzake kwenye kiti rasmi, katikati ya makao matakatifu ya watu wake. Tunamkumbuka kama mtu mmoja aliyefanya ajabu, tukasahau kwamba alikuwa kiongozi wa chombo. Na chombo kina wanachama, kina warithi, kina utaratibu wa kupokezana.

Alifariki katika miaka ya 1920. Sanamu yake ya Malindi ilizinduliwa tarehe 20 Oktoba 2010, Siku ya Mashujaa ya kwanza chini ya katiba mpya, na bustani iliyokuwa ya Uhuru ikapewa jina lake.

Lakini tazama majina yenyewe. Utotoni aliitwa Mnyazi. Wa Menza ni wa babake. Mekatilili ni mama wa Katilili, mwanawe. Historia imempokea akiwa amewekwa baina ya wanaume wawili, mmoja juu na mmoja chini, na wanawake waliomzaa, waliomfunza ngoma na kumwingiza katika siri zake hawamo kwenye sanamu wala kwenye kitabu cha shule. Huyu ndiye mwanamke mashuhuri kuliko wote wa Mijikenda. Sasa fikiria wengine.

Hilo halimaanishi kwamba Wagiriama hawakuhifadhi majina ya wanawake. Walihifadhi, kwa njia yao. Kila mbari ina hazina yake ya majina, na mtoto hupewa jina la babu au bibi, kwanza wa upande wa baba. Kadzo wa leo alikuwapo zamani, na Kadzo mwingine kabla yake, kila mmoja akiruka kizazi kimoja. Msichana hutembea na jina la hawe yake, nyanya mzaa baba, na mara nyingi hupewa heshima na utani wa nyanya huyo angali mtoto. Upande wa mama huja baadaye na kwa uchache. Kusini, kwa Waduruma na Wadigo wa Kwale, na kwa Warabai walio hapa hapa Kilifi, hesabu ilikuwa nyingine: ukoo ulifuatwa pande zote mbili, na Waduruma wana neno kwa kila upande, ukulume na ukuche. Kwa muda mrefu mali nyingi zilipita kwa mjomba zikaenda kwa mpwa, yaani zilifuata damu ya mama. Uislamu, Ukristo na sheria za serikali zilipunguza nguvu ya ukuche, kila moja kwa sababu zake. Ninayasema haya kwa sababu husemwa siku hizi kwamba kuhesabu ukoo kwa mama ni fikra ya warsha za mjini. Ni fikra ya Rabai na Kwale, na ina miaka mingi kuliko warsha yoyote.

Na ukihesabu kwa mama hapa Malindi na Kilifi, jambo kubwa hutokea. Makabila huanza kuingiliana.

Katika karne ya 19 nchi hii ilipatwa na njaa kali mara kwa mara. Moja wazee huiita Mwakisenge, ya miaka ya 1884 na 1885. Nyingine Magunia, iliyoanza 1898. Njaa ilipokaza, familia za Kimijikenda ziliwapeleka watoto, hasa wasichana, kwa jamaa na wafanyabiashara wa pwani wawekwe rehani kwa nafaka. Makubaliano yalikuwa kwamba mvua ikinyesha na deni likilipwa mtoto angerudi. Wengine walirudi. Wengine waliuzwa mbali. Na wengi walikaa, wakasilimu, wakaolewa Takaungu, Malindi, Mambrui na Mombasa, wakazaa Waswahili. Leo wajukuu wao huweza kukutajia baba hadi vizazi saba na hadi bandari ya Uarabuni, lakini ukiuliza juu ya mama wa babu, maneno hupungua. Kumbe mama wa babu alikuwa Mkauma, au Mgiriama wa Ganze, aliyeletwa kwa pishi za mahindi.

Kuna walioletwa kutoka mbali zaidi. Malindi tunayoijua ilihuishwa mnamo miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar kama mji wa mashamba, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa, wengi wao wakitoka nchi za Ziwa Nyasa na kusini ya Tanganyika. Mtama na ufuta wao ulijaza majahazi. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii hadi 1907, maana yake mtu aliyezaliwa mtumwa Malindi angeweza kuishi hadi uhuru wa Kenya. Watoto wake wakawa watu wa hapa. Mama aliyenyang'anywa kwao, jina lake la kwanza likabadilishwa, lugha yake ikafa naye, huyo anahesabiwa wapi? Katika mlolongo wa baba hana nafasi. Mara nyingi familia yenyewe imemficha, kwa aibu isiyo yake.

Ndiyo maana nina wasiwasi na chama chochote cha nasaba kinachoanza kwa kuuliza vyeti. Marekani kipo kimoja mashuhuri, Daughters of the American Revolution, kilichoanzishwa Washington mwaka 1890 na wanawake ambao chama cha wanaume cha namna hiyo kilikataa kuwapokea. Sharti lake ni kuthibitisha kwa maandishi kwamba unatokana na mtu aliyesaidia vita vya uhuru vya nchi hiyo. Wamekusanya maktaba kubwa ya nasaba, na kwa hilo wanastahili sifa. Lakini karatasi ina upande wake. Mwaka 1939 chama hicho kilimkataza mwimbaji mweusi Marian Anderson kuimba katika ukumbi wake, na Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajiuzulu uanachama. Ikafika 1977 ndipo Karen Batchelor, mwanamke mweusi kutoka Detroit, akapokelewa baada ya kuonyesha nasaba yake. Watu weusi walikuwapo katika vita vile. Kilichokosekana ni vyeti vyao, na waliowanyima vyeti ndio babu zao wale wenye chama.

Sisi tumeuonja uchungu wa karatasi pia. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya ukanda wa pwani. Waliotambuliwa kwa wingi walikuwa familia za Kiarabu na Kiswahili zilizoweza kuonyesha madai yao. Wagiriama na watu waliotoka utumwani walibaki maskwota kwenye ardhi waliyoilima, na vitukuu wao wangali maskwota katika sehemu nyingi za Kilifi. Nasaba iliyoandikwa iligeuka kuwa shamba. Isiyoandikwa iligeuka kuwa notisi ya kuhama.

Hata katika urithi unaoshikika, wa wanaume umepata watetezi kuliko wa wanawake. Mfano ni vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu, ambacho ni cha wanaume. Viliibwa kwa mamia na kuuzwa Ulaya na Marekani kama sanaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilitambuliwa kwa sababu yule yule Udvardy alikuwa amempiga picha mwenye nyumba akiwa kando yavyo. Kimoja kilipatikana Illinois State Museum, kingine Hampton University, na vikarudishwa Kenya miaka ya 2006 na 2007. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver nalo likakubali kurudisha 30. Ni ushindi wa haki kabisa, na picha moja ilitosha kuuanzisha. Ila nani alipiga picha ya chungu cha kifudu? Chungu hakiibwi na watalii. Huvunjika, au mwenye nacho hufa na bintiye aliyeokoka hukitupa akiambiwa ni cha mashetani, na habari yake haifiki gazetini. UNESCO iliiweka misitu ya kaya katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka 2009 ikaziorodhesha mila za kaya miongoni mwa zinazohitaji ulinzi wa haraka. Maandishi mengi yaliyofuata yanawahoji wazee wa kambi. Wanawake huonekana wakicheza.

Sasa lazima niseme jambo linaloumiza zaidi. Kilifi ni kaunti ambayo kwa miaka mingi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni vimetosha kuwa ushahidi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba: mzee ana ekari, vijana wanataka kuuza, na neno mchawi hufupisha safari ya mahakamani. Wapo waliokimbilia kituo cha Kaya Godoma, huko Ganze, kinachowahifadhi wazee wasioweza kurudi kwao. Miongoni mwa wanaotishwa wamo wanawake wenye maarifa yale yale tunayoyashangilia Agosti: wanaojua mitishamba, wanaojua nyimbo za matanga, wanaokumbuka nani alizaliwa na nani mwaka wa njaa gani. Mekatilili angekuwa hai leo, mjane, mzee, mwenye maneno makali na ujuzi wa kiapo, kuna vijiji ambavyo asingelala salama. Kumchongea sanamu na kumwinda mwenzake ni mambo mawili yanayotendeka ndani ya kaunti moja. Chama cha wanawake wenye kudai urithi wake kina haki, na nasema kina wajibu, wa kuwa cha kwanza kufika kwenye boma la bibi anayetishwa, kikiwa na hando zake na ngoma zake zote, na polisi wakiitwa.

Kuhusu shamba, sheria ipo upande wa wanawake. Sheria ya urithi inayotumika tangu 1981 haimbagui mtoto wa kike kwa mali ya mzazi, na katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe. Waislamu wanaochagua Mahakama ya Kadhi hufuata mafungu yao, ambamo binti pia ana haki iliyotajwa waziwazi. Kinachowaangusha wanawake ni kushindwa kuonyesha wao ni nani kwa nani. Mjane aliyeolewa kimila, bila cheti, anapofika mbele ya chifu hutakiwa mashahidi wa ukoo wa mume, ambao ndio anaogombana nao. Kikundi cha akina mama chenye daftari la nani aliolewa lini, mahari ililetwa na nani na nani alihudhuria, kingekuwa shahidi wa aina nyingine.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa vikundi vya wanawake vya Malindi, Magarini, Ganze na Kaloleni ni la daftari. Kila Agosti shule zimefungwa na mabinti wako nyumbani. Kila mmoja amkalishe bibi aliye karibu, awe wake au wa jirani, amwandike kwa lugha anayoisema mwenyewe, Kigiriama kiwe Kigiriama, Kiswahili cha Mambrui kiwe cha Mambrui. Amuulize jina lake, la mamake, la mama wa mamake, hadi kumbukumbu ikome. Amuulize waliletwa kutoka wapi na kwa sababu gani, ndoa, njaa au utumwa, walizikwa wapi, nyimbo walizozijua zilikuwa za kazi gani. Yaliyo siri ya kifudu yabaki kwa wenye kifudu, wao ndio wa kuamua. Nakala moja ikae kwa familia, moja kwa kikundi, moja kwenye makumbusho ya Malindi.

Na mlango uwe wazi. Asidaiwe mtu kutoka Bungale ndipo aandikwe. Mjukuu wa Mswahili wa Shela aliye na hawe wa Kikauma aandikwe palipo na Mgiriama halisi wa mbari inayojulikana. Na yule ambaye orodha yake ya mama inaishia kwa mtu aliyeitwa kwa jina la kupachikwa na bwana wake, asiye na kwao wanaokumbukwa, aandikwe hivyo hivyo bila kufichwa, na shamba alilolima likijulikana litajwe, kwa sababu mtama wake ndio uliolisha mji huu ulipokuwa ukianza upya.